Siku Fundi Sponji Aliponyimwa Mafuta ya Samaki

Ukishawapita wachomeleaji na wauza milango, mwisho kabisa wa mtaa wa mafundi, ulikuwa ukisikia nyundo ndogo ikigonga harakaharaka, ko-ko-ko, kama kuku anayedonoa sufuria tupu. Hapo ndipo kwa Fundi Sponji. Alikuwa akitengeneza makochi tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Sasa zilikuwa zimechanganyika na vumbi la sponji, hata usijue mvi ni zipi na vumbi ni lipi. Misumari midogo aliibana midomoni, akiitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi, na mteja akimuuliza jambo alijibu hivyohivyo, misumari mdomoni, bila kumeza hata mmoja.

Na maswali hayakumshinda. Ukitaka kujua kitambaa gani hakichuji, atakwambia. Ukitaka kujua mvua itanyesha lini, atakwambia pia, kwa uhakika uleule. Mkewe, aliyeshona foronya kwa cherehani kwenye kona ya karakana ile, alikuwa akisema, "Mume wangu hajawahi kusema sijui. Neno hilo kwake halijazaliwa."

Mtoto wao alikuwa mmoja tu, wa kike. Alipokuwa akitambaa hakutaka mwanasesere wala mpira. Alitaka vifungo, vile vikubwa vya kuvalishwa kitambaa vinavyokaza mgongo wa kochi. Atavipanga, atavipangua, ukimnyang'anya anaangua kilio mtaa mzima usikie. Baba yake akamwita Kifungo, na jina likaganda.

"We fundi," jirani yake alimtania, "mtu mzima unamwita mwanao Kifungo! Kwani umefungwa?"

"Nimefungwa," alijibu. "Na hiki ni kifungo cha maisha. Sikati rufaa."

Jirani huyo alikuwa muuza vitambaa wa duka la mkabala. Watu walimwita Redio, kwa kuwa alianza kusema alfajiri akifungua duka na hakunyamaza mpaka anapolifunga.

Kifungo alikulia kwenye makochi. Alisinzia kwenye makochi ambayo hayajavalishwa, akafanyia hapo mazoezi ya shule, na alipofika madarasa ya juu akawa anasoma kwa sauti huku baba anagonga na mama anashona. Fundi alizoea kusema kwamba hakuna kochi lililotoka pale bila kusomewa kemia. Mtoto akafaulu, akaenda chuo kusomea ufamasia. Baba akawa hauzi hata stuli bila kumtaja. "Hii mbao ngumu hii, haina mchezo. Kama kichwa cha binti yangu, yule anayesomea dawa." Wateja wengine walikuwa wakilipa upesi ili wawahi kuondoka.

Ila binti mwenyewe hakuwahi kuambiwa hata neno moja. Akirudi likizo, baba yake alimtazama kuanzia unyayo hadi utosi, akameza mate, kisha akauliza, "Umekula?" Basi. Mapenzi yote ya baba yalipitia mlango huo mmoja mwembamba.

Mwaka wa mwisho wa masomo ya Kifungo, Fundi aliugua. Alikuwa akipakia kochi kwenye gari, kifua kikambana, moyo ukaanza kwenda mbio na kuchechemea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja. Hospitali wakampima, wakasema mapigo yake hayaendi kwa mpangilio, na hatari ni damu kuganda ndani ya moyo na kukimbilia kichwani. Wakamwandikia dawa ya kuzuia damu kuganda, ameze kila siku, arudi kupimwa kila mara. Mkewe na bintiye walilijua hilo. Mtaa haukulijua. Alimwambia Redio kuwa ni uchovu tu, akakunja karatasi ya hospitali, akaitia mfukoni. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini Fundi alikuwa na hofu nyingine: mteja akisikia moyo wa fundi ni mbovu, nani atamwachia kazi ya seti nzima?

Redio, ambaye hakujua lolote, ndiye aliyeleta habari za mafuta ya samaki.

"Fundi, unachoka kwa sababu mwili umekauka," alisema siku moja, akiegemea kochi ambalo gundi yake haijakauka. "Mafuta ya samaki, bwana. Moyo, macho, magoti, kumbukumbu, vyote humo humo. Mimi nameza. Nitazame!"

Fundi alimtazama. Hakuona la ajabu, ila neno "moyo" lilimwingia. Jioni ile akanunua chupa kwa mchuuzi aliyekuwa akipita na begi la dawa za kila namna. Vidonge vyenyewe vilikuwa vizuri kuvitazama, laini, vya rangi ya asali, vinang'aa ukiviinua kwenye mwanga. Akaanza na kimoja asubuhi. Wiki zilipopita akajiona amechangamka, akafanya viwili. Kisha akafikiri kama fundi: kochi ukiliongezea sponji linazidi kuwa zuri, sembuse mwili? Akawa anamimina kiganjani na kutupia mdomoni kama njugu, asubuhi na jioni, na mchana akikumbuka.

Mkewe aliviona vile vidonge. "Umemuuliza daktari?"

"Samaki anaulizwa daktari? Samaki ni chakula."

"Basi muulize mtoto. Si amemaliza chuo? Si ameajiriwa pale duka la dawa la barabara kuu?"

Fundi akatoa msumari mdomoni, jambo alilolifanya akiwa amekasirika tu. "Nimuulize mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu?"

Mkewe akaurudia mshono wake. Lakini alianza kuona mambo. Asubuhi fundi akisukutua, mate yalitoka na damu. Ile misumari aliyoibana kwa fizi miaka yote sasa ilimwachia mdomo mwekundu. Mikononi palijaa mabaka ya zambarau, na siku nyundo ilipomponyoka ikamgusa kidole, damu ilitoka ikalowesha kitambaa cha mteja, ikakataa kukoma mpaka mkewe alipomfunga kwa nguvu na kumkalisha chini.

"Ngozi ya uzee," Fundi alisema.

Chupa ikaisha, na mchuuzi haonekani tena. Ndipo Fundi akapata wazo ambalo moyoni alikuwa nalo siku nyingi, ila alikuwa akilitafutia sababu: kwa nini asiende kununua kwa bintiye? Tangu aajiriwe hajawahi kumwona akiwa kazini. Akaoga, akavaa shati la kwenda harusini, akachana nywele mpaka vumbi la sponji likatoka. Redio akaomba kuandamana naye. Fundi hakumkatalia, furaha isiyo na shahidi ni nusu furaha.

Duka lile la dawa lilikuwa na milango ya vioo, kaunta ndefu nyeupe, na watu kama sita kwenye foleni. Kifungo alisimama nyuma ya kaunta, koti jeupe, kalamu mfukoni, nywele amezibana nyuma. Alikuwa akimweleza mama mmoja jinsi ya kumpimia mtoto dawa ya maji, na yule mama alikuwa anaitikia kwa kichwa kwa heshima, "Ndiyo, dokta. Sawa, dokta." Fundi alisikia neno lile likimpanda mgongoni kama maji ya moto siku ya baridi. Akamkanyaga Redio kwa makusudi. "Umesikia anavyoitwa?"

"Nimesikia. Na mguu wangu pia umesikia."

Zamu yao ikafika. Kifungo alipomwona, uso wake ulifunguka wote. "Shikamoo baba! Shikamoo mzee!"

"Marahaba," walijibu kwa pamoja, na Fundi akageukia foleni kuhakikisha kila mtu amesikia neno "baba". Kisha akaitoa ile chupa tupu, akaiweka kwenye kaunta. "Nipe kama hii. Chupa mbili kubwa."

Binti akaichukua. Hakuenda kwenye rafu. Aliigeuza, akasoma nyuma, ule uso uliofunguka ukaanza kufungwa polepole.

"Hizi anatumia nani?"

"Mimi."

"Unameza ngapi kwa siku?"

"Za kutosha."

"Kuna dawa nyingine unayotumia, baba?"

Hilo lilikuwa swali la kazi, alimuuliza kila mteja. Na jibu lake baba na binti walilijua vizuri. Lakini Redio alikuwa pale, masikio yake mawili yamesimama kama ya sungura. Fundi akainua kidevu. "Mimi? Sina dawa yoyote. Mzima kama chuma."

Binti hakusema, "Baba, unadanganya." Hakutaja moyo, wala hospitali, wala damu. Aliiweka tu ile chupa chini ya kiganja chake.

"Basi leo sitakuuzia, baba."

"Nini?"

"Siwezi kukuuzia hizi."

Kwenye foleni mtu mmoja akakohoa. Fundi akageuka, akakuta foleni nzima inamtazama. Kunyimwa bidhaa dukani, kama mlevi! Na mtoto wake! Akamwona mwenye duka, mama wa makamo mwenye miwani, akipanga maboksi pembeni, akamwita. "Mama, hebu njoo. Mfanyakazi wako anafukuza wateja."

Yule mama akasogea, akamtazama binti, akamtazama mzee, akaitazama chupa. Aliona pia kwamba wamefanana pua. "Mzee wangu," alisema, "mfamasia akisema hapana, mimi mwenye duka nasema hapana. Ndiyo maana nikamwajiri. Wa kusema ndiyo tu ningewapata popote."

Fundi akageuka aondoke. Angeondoka kweli, na hadithi ingekuwa nyingine. Lakini jicho lake la ufundi, lililozoea kuona uzi mmoja uliochomoza kwenye kochi zima, lilitua kwenye mikono ya bintiye. Ilikuwa ikitetemeka. Ilitetemeka sana, na bado haikuiachia ile chupa.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "tafadhali. Njoo huku ndani kidogo."

Palikuwa na chumba kidogo nyuma ya kaunta, viti viwili na pazia. Redio akaanza kuwafuata. Kifungo akanyoosha mkono. "Mzee wangu, utusubiri hapo. Samahani." Redio, ambaye hajawahi kuzimwa na mtu, akazimika. Pazia likafungwa.

"Sikusema pale," binti alianza, "kwa sababu mgonjwa anayo siri yake, na si kazi yangu kuitangaza. Hata mgonjwa akiwa baba yangu. Lakini sasa tupo wawili. Naomba mikono."

Akaitoa. Binti akakunja mikono ya lile shati la harusini.

"Hili baka?"

"Mbao."

"Na hili?"

"Mbao."

"Na hili hapa, na hili? Baba, mbao umezikosea nini?"

Fundi alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Na alipocheka ukweli ukatoka: kiganja asubuhi, kiganja jioni, fizi zinazovuja, kidole kilichokataa kukauka. Akauliza, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, "Kwani samaki ana ubaya gani?"

"Samaki hana ubaya. Sikiliza. Ukitengeneza kochi, mteja anaona unene. Lakini ndani kuna sponji kiasi gani, na matambara kiasi gani?"

"Kwangu hamna matambara!"

"Najua, kwako hamna. Sasa hiki kidonge, mbele wameandika miligramu elfu moja. Huo ni unene wa kochi. Sponji yenyewe, kile kinachofanya kazi, kinaitwa omega tatu, na kimeandikwa huku nyuma kwa herufi za sisimizi: mia sita. Chupa nyingine utakuta mia tatu tu. Mtu mzima mwenye afya yake anatosheka na kama mia mbili na hamsini hadi mia tano kwa siku. Wengi wanaipata bila kununua kidonge, wakila samaki mwenye mafuta kama mara mbili kwa wiki. Hata dagaa. Wewe kwa viganja vyako unakaribia elfu tano."

Fundi akapiga hesabu. Hesabu haikumshinda. "Mara kumi."

"Mara kumi. Wapo wagonjwa wa moyo wanaopewa nyingi, lakini daktari ndiye anayewaandikia na anawafuatilia. Wewe unameza dawa inayozuia damu kuganda. Mafuta haya yakiwa mengi nayo yanaweza kuivuta damu upande huohuo, kwa hiyo ukikatika popote huenda isikome. Na kuna jambo lingine: kwa kiwango kikubwa yanaweza kuvuruga mapigo ya moyo, yaleyale tunayohangaika kuyatuliza." Akafuta jicho kwa mkono wa koti. "Hizi unaziacha leo. Ile dawa ya hospitali usiiache kabisa, hata siku moja. Na kesho asubuhi unaenda kupimwa damu. Mama atakupeleka. Si ombi."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Fundi alikuwa akimwambia mtoto huyu zamani, kila alipopanda juu ya rundo la mbao. Sasa alikaa kwenye kiti cha plastiki, mikono yake wazi, akijiuliza mkuu ni nani kati yao. Na badala ya aibu kulikuwa na kitu kingine kinachopanda kifuani, kipana, cha moto, na kwa mara ya kwanza tangu augue hakuogopa kitu kinachopanda kifuani.

"Sawa, dokta," alisema.

Kesho yake alipimwa. Daktari wa moyo akayatazama majibu, akayatazama tena, akasema damu imekuwa nyepesi kupita inavyotakiwa. Angeanguka vibaya au kugonga kichwa, pengine pangekuwa na msiba. Akapanga vipimo vya karibu karibu mpaka mambo yatulie. Kisha akauliza, "Nani aliyekustukia?"

"Mfamasia."

"Mfamasia gani huyo? Amefanya vizuri sana."

Fundi akakohoa. Akanyoosha shati. "Binti yangu," alisema. "Wa kumzaa." Na alipotoka nje akawasimulia wote waliokuwa kwenye benchi la kusubiri, mpaka muuguzi akamwomba apunguze sauti maana wenzake hawasikii wakiitwa majina.

Jioni Kifungo alikuja nyumbani. Mama yake alikuwa amepika samaki, na alimwekea mumewe kipande cha kiasi kwa macho ya mtu anayejua anachokifanya. Binti hakukaa. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Baba, samahani kwa jana. Mbele za watu vile…"

"Keti."

Akaketi.

Fundi aliweka kijiko chini. Mkewe alijua kwamba lile swali la siku zote limefika kwenye ncha ya ulimi, "Umekula?", akangoja alisikie. Halikutoka.

"Mimi nilifundishwa kazi na mzee mmoja mkali," Fundi alisema. "Miaka yote niliyokaa kwake alinisifu mara moja tu. Nilimkatalia tajiri aliyetaka fremu ya mbao iliyoliwa na wadudu ifunikwe kitambaa kizuri. Tajiri alitukana, akaondoka. Mzee akaja, akaniambia maneno mawili. Sijawahi kumwambia mtu mwingine maneno hayo, kwa sababu sikuwa nimeona wa kumwambia." Akameza mate. "Jana ulinikatalia mimi, mbele ya bosi wako, mbele ya Redio, na mikono inatetemeka. Niliiona. Kazi safi, mwanangu."

Kifungo akainamisha kichwa kwenye sahani, na mama yake akaamka ghafla kwenda kutafuta chumvi iliyokuwa mezani.

Siku zilivyokwenda mabaka yalififia, fizi zikaacha kuvuja. Ile siri ya moyo Fundi aliitoa mwenyewe, akamwambia Redio ana kwa ana. Redio alikaa kimya muda mrefu kuliko alivyowahi kukaa, kisha akasema, "Na mimi ndiye niliyekutuma. Nisamehe, ndugu yangu." Wakasameheana. Hakuna mteja aliyekimbia. Mmoja aliagiza seti nzima na kukataza wengine wasimharakishe fundi.

Habari zikaenea, maana Redio ni Redio. Watu wakaanza kusimama karakanani, si kwa ajili ya makochi. Mmoja anauliza mafuta ya samaki ameze mangapi, mwingine mkewe ni mjamzito, je, atumie? Mwingine ana chupa mfukoni anataka isomwe. Walimjua ni mtu wa majibu.

Fundi alitoa misumari mdomoni, yote, akaiweka kiganjani.

"Sijui," alisema, na mkewe akasimamisha cherehani kusikia vizuri. "Mimi ni fundi makochi. Nenda barabara kuu, duka la milango ya vioo, muulize mfamasia. Ni binti yangu yule. Foleni itakuwa ndefu, vumilia. Na akikuuliza unatumia dawa gani nyingine, mjibu kweli, kwa maana ukimdanganya chupa hutapewa hata uwe nani."